Giaboksi la Massey 135 la marehemu baba: nilivyotengenezewa hapa Malindi

Nimengoja msimu mzima wa kulima upite ndipo niandike. Trekta likitoka kwa fundi leo, kila mtu humsifu fundi.

Letu ni Massey Ferguson 135, lile la injini ya Perkins ya silinda tatu, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1964. Baba alifariki likiwa chini ya mwembe shambani Magarini, nami nikaliacha papo hapo, likanyeshewa masika mpaka masika. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu.

Ugonjwa ulianzia gia ya tatu. Unateremka na tela la mahindi, unapunguza mafuta kidogo, gia inachomoka yenyewe na mzigo unaanza kukusukuma. Mara ya kwanza nilidhani ni mkono wangu. Mara ya pili nilikuwa na vijana wawili juu ya magunia, na breki za Massey mzee mnazijua.

Gereji ya kwanza hawakufungua kitu. Walisema gia zimelegea, wakamimina oili nzito ya 140 kufunika kelele. Kelele ikapungua kweli, lakini asubuhi mikono ya kunyanyulia plau ikawa haipandi mpaka injini ingurume weee. Mwenye 135 ajue hivi: oili ya giaboksi, ya difu (gia za ekseli ya nyuma) na ya haidroliki (inayonyanyua plau) ni moja, na pampu yenyewe imezama humo humo. Ukitia kitu kizito kama asali, pampu inavuta kwa taabu.

Fundi wa pili ni mzee mmoja mwenye banda la makuti nje kidogo ya mji. Kabla ya kugusa kingine chochote aliweka karai chini na kulegeza boliti ya kumwagia oili. Kwanza yakatoka maji, kiasi cha glasi moja, kisha yakafuata mafuta meupe matupu.

"Baba, hii si oili, hili ni tui," akaniambia.

Akatumbukiza sumaku ya spika mbovu kwenye karai, ikatoka na ndevu nyeusi. Akazisugua kidoleni mbele yangu: ile laini kama wanja ni uchakavu wa kawaida, chenye ncha ndicho cha kuogopa. Tulipata kimoja, nusu ya punje ya mchele. Maji nayo hayakuingilia chini kama nilivyodhani. Ule mpira unaofunika shina la gia, yaani mkono wa kubadilishia gia, ulikuwa umepasuka, basi kila mvua ilikuwa ikiteremka na shina mpaka ndani.

Siku ya kulitenganisha trekta katikati nilikaa pale kutwa. Kabla ya kulegeza boliti hata moja alipigilia kabari za mti juu ya ekseli ya mbele, kushoto na kulia, kwa sababu ekseli ile inabembea, na ukishaachanisha, injini inaweza kulala ubavu na kumfunika mtu. Kwa hilo peke yake nilimwamini.

Ndani, gia zenyewe zilikuwa nzima! Kilicholika ni uma unaosukuma gia, upande mmoja umekuwa mwembamba kama kijiko cha zamani, na springi inayoishikilia reli yake, chuma kinachoubeba uma huo, imechoka; ndiyo maana gia ilichomoka. Beringi mbili zilikuwa na vidonda vya kutu. Sili ya shafti ya mbele ilikuwa inavujia klachi, kwa hiyo tukabadilisha na sahani zake, maana kufungua tena ni gharama ileile.

Sasa malalamiko. Aliniambia wiki moja, zikawa tatu. Spea zilitoka Mombasa kwa basi, na beringi ya kwanza ikaja saizi siyo. Hayo nayaelewa. Nisichoelewa ni simu kuzimwa kila ikifika alasiri, na risiti kutotolewa mpaka nidai. Ufundi ulikuwa shilingi 25,000, nusu nilitanguliza. Spea zote mbovu alinirudishia kwenye gunia bila kuulizwa, jambo ambalo wengi hawafanyi.

Alisafisha ndani kwa dizeli, akamwaga, akatia oili ya matrekta inayofaa gia na haidroliki pamoja. Inaingia karibu lita 30, nilinunua madumu mawili ya lita 20 na ya akiba ipo. Mpira wa shina la gia ni mpya, na juu yake nimefunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Nimelima ekari zangu na za majirani, gia ya tatu haijachomoka, na nikichungulia kijiti cha kupimia oili bado ni ya rangi ya asali.

Rivasi bado inanguruma kidogo. Mzee anasema itakula msimu mwingine bila neno, nami nimemwambia tuiangalie baada ya mavuno, simu ikiwa imewashwa.