Kurekodi laivu Mikindani: vijana wanaotanguliza sauti

Hapa Mtwara ukitaka video ya muziki, njia iliyozoeleka ni moja: unaingia studio, wimbo unapikwa, halafu unapelekwa ufukweni Shangani ukafungue mdomo juu ya plebeki, yaani wimbo uliokwisha kurekodiwa, huku kamera inakuzunguka. Wanaotaka hivyo wafanye, kazi zinatoka na watu wanacheza. Ila mimi napiga gitaa kavu na kuimba, binamu yangu anapiga ngoma, na muziki wetu ukiupitisha kwenye plebeki unakufa. Nilitaka mtu wa kutunasa tukipiga kweli, nje, wimbo mzima bila kukatwa.

Nimewapata, na nawasifu hadharani. Ni vijana wawili wa kamera na dada mmoja wa sauti, wana chumba chao Chikongola. Bei yao kwetu ilikuwa shilingi 350,000 kwa nyimbo mbili, usafiri wa vifaa ukiwa humo humo. Nusu unatanguliza, nusu unamalizia ukishaona kazi.

Mtindo wenyewe una miaka. Kule Paris, watu wa tovuti ya muziki ya La Blogothèque walianza mwaka 2006 kuwatoa wanamuziki majukwaani na kuwarekodi barabarani, watu wakipita zao. Tangu hapo umeigwa kila mahali. Swali langu lilikuwa kama unawezekana kwetu, mwezi wa Agosti, kusi linavuma na malori ya saruji yanapita.

Niliomba Shangani kwa sababu ya bahari. Yule dada hakubishana nami. Alinivisha hedfoni, akaelekeza maiki upande wa maji, akaniambia, "Sikiliza kaka." Nikasikia ngurumo tupu. Kisha akaivisha maiki ile kinga ya manyoya, ngurumo ikapungua lakini haikuisha. Akanieleza kwamba kinga inasaidia upepo wa kawaida, kusi la mchana pale ufukweni ni jambo jingine. Ndipo tukahamia Mikindani, kama kilomita 10 kutoka mjini.

Nani asiyeijua Mikindani? Wengi tunaipita kwa gari tukielekea Lindi, tunaona ghuba upande mmoja na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 juu kilimani upande wa pili. Hawa walituingiza ndani, kwenye vichochoro vya nyumba za kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Upepo unakatika ukishapita kona ya kwanza. Na zile kuta zinarudisha sauti. Nilipiga kodi moja ya Em, yaani nyuzi zote kwa pamoja, gitaa likasikika nene kuliko nilivyowahi kulisikia uwanjani. Dada akapiga kofi moja, akasikiliza mwangwi, akatusogeza hatua chache mpaka pale ulipokuwa mfupi. Kamera zilikuwa bado kwenye mabegi. Hapo ndipo niliposema moyoni hawa wanajua wanachofanya.

Jambo la ngoma nalieleza kwa kirefu, maana ndilo linalowashinda wengi. Ngoma ikikaa karibu na mwimbaji nje, inameza kila kitu. Ukiirudisha nyuma sana, inasikika ya jirani. Walimweka binamu pembeni yangu, ngozi ya ngoma imeelekea mbali na maiki yangu, naye akapewa maiki yake ya chini. Kwenye maiki yangu na ya gitaa dada alikata sauti zote nene zilizo chini ya hezi 80 (hezi ndiyo kipimo cha unene na wembamba wa sauti), kuondoa mtetemo wa malori. Niliogopa gitaa litapoteza uzito. Akanijibu kwamba uzi wangu mnene kabisa, ule wa E, unaanzia hezi 82, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Maiki ya ngoma hakuikata, kwa sababu ngoma inashuka chini zaidi ya hapo. Sauti ikawa inacheza kwenye desibeli -12, yaani chini ya kikomo cha kurekodi, ili nikipandisha kwenye kiitikio isipasuke. Haikupasuka.

Kuna kitu nimekiona siku ile na sijawahi kumsikia mtu akikizungumza. Jua lilelile lilikuwa linatufanyia kazi mbili zinazopingana. Nyuzi za chuma zikipata joto zinalegea, gitaa linashuka. Ngozi ya ngoma ikipata joto inakaza, ngoma inapanda. Binamu alishaikaza ngoma yake kwa moto wa makuti, kisha jua likaongeza lake. Tulipomaliza wimbo wa kwanza tulikuwa tumeachana kabisa. Wale vijana hawakutuharakisha. Walituhamishia kwenye kivuli cha ukuta, wakasubiri ngoma ipoe na mimi nikafunga nyuzi upya. Kwa mtu anayelipwa kwa kazi, subira hiyo si ndogo.

Watu wa mtaa waliheshimiwa. Mwenyekiti wa mtaa alishaambiwa kabla hatujafika, wazee wa barazani walisalimiwa mmoja mmoja, na ratiba ilipangwa tumalize kabla ya adhana ya Alasiri, siyo adhana itukute katikati ya ubeti. Bandarini hawakupeleki, wanasema mapema kwamba kule kuna ulinzi. Suala la kibali cha Bodi ya Filamu waulize siku ya kwanza, watakueleza kazi yako inahitaji nini.

Katikati ya wimbo wa pili, nyumba ya jirani bibi mmoja akaanza kutwanga. Nikadhani watasimamisha. Kijana wa kamera akageuka kumwangalia dada, dada akaitikia kwa kichwa: endelea. Baadaye akaenda mlangoni. "Shikamoo bibi, kinu chako kimeingia kwenye wimbo wa hawa, unaturuhusu tukiache?" Bibi akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, kama hakiwaharibii kiacheni." Kimeachwa. Mimi nakipenda sana, binamu bado hajakubali, anasema kinamgonga kwenye mapigo. Msikilizaji ataamua.

Picha ni nzuri, sina mengi. Kamera moja imesimama, nyingine inatembea mkononi, rangi hazikukolezwa kupita kiasi, mlango wa nakshi nyuma yetu unaonekana mlango kweli.

Sasa yasiyonipendeza. Kazi ilichelewa. Waliahidi wiki moja, ikazidi kwa mbali, na kila nikipiga simu naambiwa "tunamalizia kaka". Waseme ukweli toka mwanzo, mtu atasubiri. La pili ni ile video ya kusimama, ya kurusha kwenye simu. Waliichukua tu ile ya kulala wakaikata pande zote mbili, mikono ya binamu ikaondoka. Mpiga ngoma bila mikono! Nilirudisha, wakarekebisha bila malipo ya ziada, lakini jambo hilo walipaswa kulipanga tukiwa bado kichochoroni, kwa kutusogeza karibu karibu.

Kwa mwenye ngoma, zeze, gitaa au kwaya ndogo, nendeni. Kwa mwenye biti ya kompyuta sioni watakusaidia nini, huyo atafute wa plebeki. Epukeni miezi ya korosho, kuanzia Oktoba hivi, maana barabara ya Mikindani malori yake hayaishi na vichochoro vya karibu na barabara vitakuwa havifai. Na mkilipa nusu ya mwisho, dai faili la sauti peke yake, lisilobanwa, maiki kila moja na lake. Hawalitoi mpaka uombe, ila ukiomba wanakupa siku hiyohiyo kwenye flashi yako.