Uzoefu wangu: wolpepa nilizopigiwa hesabu na duka ziliishia nyuma ya mlango

Jamani mnaotaka kubandika wolpepa someni hii kabla hamjatuma hela. Mimi nipo Tanga, Makorora, niliagiza Dar kwenye duka moja linalouza mtandaoni, jina siliweki maana mzigo walitupia kwenye basi na ukafika mzima, karatasi nzito na ua lake zuri mno, kilichoniliza ni hesabu.

Dada wa dukani aliniambia nitumie urefu, upana na kimo tu mpenzi, mengine niachie mimi. Nikapima, chumba mita 3.6 kwa 3, kimo 2.8. Akajumlisha kuta zote, akatoa mlango na dirisha, zikabaki kama mita za mraba 33, akagawa kwa 5.3 kwa sababu rola moja ina upana wa sm 53 na urefu mita 10.05. Jibu sita na kidogo. Chukua saba, itabaki na ya akiba. Mi nikaona mtu kapiga hesabu mbele yangu nibishe nini.

Akiba gani sasa! Fundi kaanza dirishani kazunguka taratibu, mzee mmoja hivi hana papara, kufika alasiri rola ya saba imekwisha na nyuma ya mlango kuna ukuta mtupu kama mita moja na nusu. Nikadhani kaharibu. Akachukua kipande kimoja kati ya vilivyobaki chini, kifupi, sm 45, akanipa mkononi. "Hiki nacho wamekuhesabia mwanangu, haya kibandike wapi?"

Ndo akanielewesha. Ukuta haubandikwi kwa mita za mraba, unabandikwa kwa mapande marefu toka juu mpaka chini. Langu lilitaka mita 2.9, yaani kimo na sm 10 za kupunguzia juu na chini, lakini ua linajirudia kila sm 64 na lazima likutane na la jirani yake, kwa hiyo anakata 3.20, maua matano kamili. Kwenye rola ya mita 10 yanatoka mapande matatu basi, kinachobaki ni huo mkia. Kwa hiyo chukua mzunguko wa chumba, kwangu 13.2, gawa kwa 0.53 unapata mapande 25, gawa kwa matatu, rola 9. Kwa kubana na kutoa mlango nane zingetosha. Saba hazitoshi hata ufanyeje.

Na ua linakula kuliko unavyodhani. Shoga yangu wa Chumbageni kashusha dari ya jipsamu, kimo mita 2.4, kachukua isiyo na ua, pande moja 2.5, rola moja inampa manne. Angechukua kama yangu pande linakuwa 2.56, manne yanataka mita 10.24, hayatoki, anarudi kwenye matatu. Sm chache tu hizo!

Basi nikaagiza rola moja ya kumalizia. Namba ile ile ya ua, lakini kwenye lebo kuna namba nyingine ndogo ya toleo la kiwandani, hiyo haikufanana. Imebandikwa na imekauka, mchana ukifungua dirisha unaona kabisa pale nyuma ya mlango krimu imekuwa kama chai ya maziwa. Mume wangu anasema haonekani mtu wa kukagua nyuma ya mlango, sawa, ila mimi naona kila nikifunga. Duka waliniambia matoleo hubadilika. Si mngesema mwanzo?

Unyevu wa huku pwani nao msiudharau, mzee aligoma kubandika mpaka plasta ikauke sawasawa, tulisubiri wiki tatu nikawa namnung'unikia, mpaka leo miezi minne hakuna ungio lililofunguka.

Karatasi naipa 5, duka 2, kwa sababu mwenye kuuza rola kila siku hakosi kujua habari ya mapande. Vile vipande vya sm 45 nimejaladia madaftari ya mwanangu, mwalimu wake kauliza tumenunua wapi.