Tiba ya kufuata vidole kwa macho: nilivyorudi kupanda basi

Nauza madera na mitandio Ngamiani, hapa Tanga. Kwa miaka tisa nilikuwa napanda basi la alfajiri kila baada ya wiki mbili kwenda Kariakoo kufuata mzigo. Mwaka jana mwezi wa saba, basi letu lilipinduka baada ya kuipita Muheza, bado kiza. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Mie nilitoka na mchubuko wa bega. Lakini pale Muheza alikuwa amepanda binti wa shule, nikampisha kiti changu cha dirishani apate hewa, na yeye ndiye aliyevunjika mkono. Kilio chake sikuacha kukisikia.

Miezi kumi na moja sikupanda basi. Nikifika stendi ya Kange moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, pumzi haishuki. Hata harufu ya chungwa linalomenywa ilitosha kuniamsha yote, maana magunia yaliyopakiwa Muheza yalipasuka na machungwa yakatapakaa barabarani, tukayakanyaga tukitoka. Na ukiwa Tanga utakimbilia wapi usikutane na chungwa? Mzigo nikawa naagiza kwa simu, naletewa rangi ambazo wateja wangu hawazigusi. Nyumbani walinisomea, na kisomo kilinipa usingizi, sitakikana. Ila asubuhi nikisikia honi ya basi, hali ni ileile.

Aliyenielekeza kwenye tiba hii ni shemeji yangu, muuguzi. Kwa kifupi cha Kiingereza inaitwa EMDR. Siyo tiba ya ugonjwa wa macho, shangazi alidhani naenda kupimwa miwani. Unakumbuka jambo lililokuumiza huku macho yako yanafuata vidole vya mtaalamu vinavyokwenda kushoto na kulia.

Niseme kwanza habari mbaya, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mtu wa kwanza niliyemwendea, simtaji, dakika kumi hazijafika alinitaka niikumbuke ajali yote tangu mwanzo, huku akinipungia kidole mbele ya uso. Nilitapika. Akasema hiyo ndiyo dalili dawa inafanya kazi, akapokea hela yake, nikatembea peke yangu mpaka nyumbani. Wiki nzima nililala taa inawaka. Baadaye nikajua kajifunza kwenye video za simu. Jamani, mtu akikupungia kidole siku ya kwanza, inuka uondoke.

Wa pili ni mwanasaikolojia kijana, ana chumba Chumbageni. Ameomba nisimtaje kwa kuwa yuko peke yake na foleni imemzidi. Mara mbili za mwanzo hakunyanyua kidole hata kimoja. Aliuliza nalala vipi, nina presha, nimewahi kuwa na kifafa, natumia dawa gani, nyumbani nani yupo nikirudi nimechoka. Akanifundisha kushusha pumzi. Akaniambia nichague mahali ambapo moyo wangu hutulia, nikachagua pwani mkabala na kisiwa cha Toten, maji yamejaa, jua la saa kumi. Tukafanya mazoezi ya kwenda pale kwa mawazo na kurudi, mpaka nikaweza mwenyewe bila kuambiwa. “Mama, huu ndio mlango wa kutokea,” alisema. “Hatuingii ndani kabla hujaujua.”

Mara ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Viti viwili havikutazamana. Chake kilielekea dirishani, changu mlangoni, magoti yetu yamepishana. Akaniuliza picha gani ndiyo mbaya kuliko zote. Nikasema machungwa chini ya taa ya basi, na yule mtoto analia. Ukiitazama unajiambia nini? “Kosa ni langu.” Ungependa ujiambie nini? Hapo nilikaa kimya muda mrefu, kisha nikasema, “Nilimfanyia wema.” Kutoka 0 mpaka 10, inakuuma kiasi gani? Tisa. Unaisikia wapi mwilini? Hapa, chini ya koo.

Akanyoosha vidole viwili, kucha fupi zenye hina iliyofifia, akavipeleka huku na huku kama mara ishirini na kitu, kwa kasi ambayo jicho linaweza kuishika. Anasimama. “Vuta pumzi. Kimekuja nini?” Unasema kilichokuja, neno moja au matatu, hakuchambui wala hakupi mawaidha. “Endelea na hicho.” Vidole tena. Kwanza yalikuja machungwa tu. Kisha kikaja kilio. Kisha nikakasirika na dereva, hasira ambayo sikujua ninayo. Mzunguko wa saba au wa nane hivi, kikaja kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: nilivua mtandio wangu, ule wa kijani, nikaufunga mkono wa yule binti na kumshikia kichwa mpaka gari lilipokuja kumchukua. Miezi kumi na moja nilikumbuka kiti tu. Mtandio sikuukumbuka. Nililia, lakini si kilio cha kukabwa. Tulipomaliza, baada ya muda wa saa moja na nusu, tisa imekuwa nne.

Nilimuuliza vidole vina nini. Akasema maelezo anayoyaamini zaidi ni kwamba akili ina nafasi ndogo ya kufanyia kazi kwa wakati mmoja. Ukishika kumbukumbu na kufuata vidole kwa pamoja, kumbukumbu inakosa nafasi ya kujitanua, inapoa. Mie nilimwelewa kidukani: ukihesabu chenji huku mtu anakusimulia msiba, msiba hauingii wote. Alinieleza pia kwamba wataalamu bado wanabishana kama macho ndiyo yanayotibu au ni kule kukumbuka kwa utaratibu. Mwanzilishi, Francine Shapiro wa Marekani, alianza kuona jambo hili mwaka 1987 akitembea bustanini, utafiti wake wa kwanza ukatoka 1989. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watu wazima na watoto wenye kiwewe. Kwa wasiwasi wa jumla, usio na tukio nyuma yake, ushahidi ni mdogo zaidi, na hilo alilisema yeye bila kuulizwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Siku moja macho yaliniuma, tukaacha vidole. Nikakunja mikono kifuani, nikawa najigonga mabega kwa zamu, kulia, kushoto. Wanaiita kumbatio la kipepeo, lilianzia Acapulco, Mexico, kwa walionusurika kimbunga Pauline cha 1997. Hili nalitumia mpaka leo nikiwa stendi, ndani ya baibui, hakuna anayeona.

Kasoro zipo. Shilingi elfu hamsini kwa kikao si hela ya kila mtu Ngamiani, na mie nilikwenda vikao sita. Ukuta wa pili kuna seremala, na randa yake haina huruma. Siku ya kikao usipange kazi nyingine. Kichwa kinakuwa kizito na usiku ndoto zinakuja, yeye hutahadharisha mapema na hupiga simu kesho yake kuuliza hali. Mwambie mtu wa nyumbani aje akuchukue.

Baada ya kikao cha tano nilipanda basi la saa nne asubuhi, nikakaa dirishani. Pale barabarani tulipopindukia moyo ulidunda, nikajigonga mabega, tukapita. Sasa nimeshakwenda Kariakoo mara tatu. Basi la alfajiri bado. Nikilifikiria lile giza, namba inapanda mpaka sita, basi nimeweka miadi nyingine Jumamosi ijayo, saa tatu, kabla seremala hajafungua.