Fitingi za brasi kwenye throto bodi: wapi zinafaa, wapi zinaharibu

Habari zenu watazamaji, na shikamooni wakubwa wote mnaotufuatilia kuanzia Lindi, Mtwara mjini, Masasi mpaka Newala. Mezani leo kuna pakiti ya fitingi za throto bodi (kile kifaa kinachopitisha na kupima hewa inayoingia kwenye injini), zile nipeli ndogo zinazochomekwa mipira ya maji na mipira ya hewa. Pakiti haina jina la kiwanda. Ndani mna nipeli mbili zilizonyooka, kiwiko kimoja, tii moja, klipu sita za kukaza kwa bisibisi, na kipande cha mpira wa silikoni wa bluu. Muuzaji atakwambia inaingia gari lolote na inafaa kila tundu. Hapo ndipo hatukubaliani naye.

Tuanze na kwa nini nipeli za mwanzo zinakufa haraka huku pwani. Throto bodi za Toyota nyingi, IST yenye injini ya 1NZ-FE ikiwemo, zinapitishiwa maji ya rejeta ili zisigande kwenye nchi za baridi. Nipeli yenyewe mara nyingi ni kibomba chembamba cha chuma kilichogongelewa ndani ya aluminiamu. Sasa mtu anajaza maji ya kisima badala ya kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kutu), na visima vingi vya pwani vina chumvi. Chuma kinaliwa kwa ndani. Gari likilala Shangani, pale Mtwara mjini, kwenye upepo wa bahari, kinaliwa na kwa nje. Siku fundi anavuta mpira, nipeli inakatikia humo humo. Kwa hiyo ukifunga brasi mpya halafu ukarudishia maji yale yale, hujatengeneza kitu. Brasi na aluminiamu zikikutana ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa ni aluminiamu, yaani throto bodi yenyewe. Kulanti kwanza, fitingi baadaye.

Haya, tuiangalie nipeli. Sehemu ya meno ni nene karibu milimita 9.7, meno 28 kwa inchi. Hiyo ni BSP ya 1/8, kipimo cha Uingereza cha meno ya bomba. Shika hapo, maana dukani utakutana na ndugu zake wawili wanaofanana naye sana: NPT ya 1/8, kipimo cha Marekani, yenye meno 27 kwa inchi, na M10 yenye nafasi ya milimita 1 kati ya jino na jino. Ukizichanganya, zinaingia mizunguko miwili mitatu, unajisifu zimekaa, kumbe zinakula meno ya aluminiamu. Nunua tepu ya kukatia meno inayolingana na nipeli yako, usikadirie kwa jicho.

Kazi ya kutoboa haifanyiki throto bodi ikiwa kwenye injini. Tunalisisitiza hili kwa sababu vumbi la aluminiamu likishuka kwenye silinda, gharama yake si ya nipeli tena. Injini ipoe kabisa, chomoa hasi ya betri, punguza kulanti kama lita moja na nusu, andika alama kwenye kila mpira, ndipo ufungue. Kibomba kilichokatika kitoboe polepole mpaka milimita 8.5. Paka grisi kwenye tepu ya kukatia meno ili chenga zinate, zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kisha osha kwa kopo la kusafishia kabureta na upulize kwa kompresa kila njia. Lakini angalia ukuta wa aluminiamu kabla hujatoboa. Ukibaki chini ya milimita 2 kuzunguka tundu, acha, tafuta throto bodi nyingine.

Meno haya yanapungua unene kuelekea nchani, yanabana kama kabari. Zungusha tepu nyeupe ya bomba mara mbili au tatu, acha jino la kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye njia ya maji. Kaza kwa vidole mpaka isimame, ongeza mzunguko mmoja, mmoja na nusu basi. Anayeendelea kukaza "kwa usalama" ndiye anayepasua aluminiamu. Na tafadhali, msitumie ile gundi ya silikoni inayonuka siki upande wa hewa. Mvuke wake unavutwa ndani ya injini na kuharibu sensa ya oksijeni kwenye egzosi.

Sasa ule mpira wa bluu. Kwa maji ni mzuri, unastahimili joto bila kukakamaa. Kwa mpira unaotoka PCV (vali inayorudisha pumzi ya injini, yenye mafuta, kwenye njia ya hewa), au ule wa mvuke wa petroli kutoka kanista (kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi), hapana kabisa. Silikoni ikikutana na mafuta inavimba na kulainika, halafu upande wa hewa injini inaufyonza na kuubana kama mrija wa juisi. Hapo weka mpira wa naitraili ulioandikwa kuwa ni wa mafuta. Na ule mweusi wa maji wa kawaida usiuhamishie PCV, nao unavimba. Kosa hili ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote, kwa sababu gari linatoka gereji likiwa zima na ugonjwa unakuja taratibu: silensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia inasoma P0171 (hewa nyingi kuliko petroli) au P0507 (silensa iko juu), na mwenye gari anaambiwa anunue sensa.

Tundu la nipeli nalo lipime. Hii ya kwetu kwa nje inachukua mpira wa milimita 8, lakini ndani tundu ni 5 tu. Maji hayalalamiki. PCV italalamika: pumzi ya injini ikibanwa, mafuta yanatafuta njia kwenye sili.

Klipu za pakiti hatuzipendi. Ni bati laini, zina kutu kabla ya msimu wa korosho kuisha, na makali yake yanakata silikoni. Rudishia klipu za springi za asili kama bado zina nguvu. Zenyewe hufuata mpira unapotanuka na kusinyaa.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusiunganishe ile mipira miwili ya maji moja kwa moja, tuiruke throto bodi? Kwa Mtwara na Lindi hakuna baridi ya kugandisha kitu, hata Newala kule juu. Kwa hiyo kwenye baadhi ya injini inawezekana, ila unganisha kwa bomba, usizibe ncha. Injini za zamani zenye vali ya nta kwenye throto hapana. Nta inahitaji joto la maji ili ifunge hewa. Ukiiruka, silensa itakaa juu siku nzima.

Wakati wa kurudishia, weka gasketi mpya. Kama throto ni ya umeme, usisukume kile kisahani kwa kidole. Jaza kulanti, fungua hita ya ndani kwenye joto, na mpira wa juu wa throto uulegeze kidogo mpaka povu liishe, maana hewa hupenda kujificha pale. Injini ikipata moto na AC ikiwa imezimwa, 1NZ-FE inatakiwa itulie kwenye mizunguko kama 700. Ikiwa juu, puliza tone la kopo la kabureta kwenye kila kiungo cha hewa, mbali na egzosi. Silensa ikibadilika, umeshapata panapovuja.

Baada ya hapo endesha mpaka Mikindani na kurudi, acha gari lipoe usiku kucha, asubuhi tazama kiwango cha kulanti na pitisha kidole chini ya kila nipeli. Kidole kikitoka kikavu, funga boneti.