Pikapu kuukuu: kushusha mzunguko au kuzima injini?

Wenye pikapu za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) hapa Nakuru hupenda kumwambia fundi ashushe mzunguko wa injini inaponguruma bila gari kwenda, ili mafuta yadumu. Skrubu ya mzunguko kwenye kabureta ikirudishwa kutoka mizunguko 1,000 kwa dakika hadi 800, kweli utaokoa kidogo. Ila ukishuka chini ya 700, injini kuukuu hutetemeka, taa hufifia, presha ya oili hulegea, na gari huzimika kila ukipunguza mwendo kwenye matuta.

Kuzima ndiko kunakolipa. Injini ya lita 2 inayonguruma bure inaweza kunywa karibu lita moja kwa saa. Fikiria muda wa kupakia viazi sokoni. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja, zima, mradi betri na stata ni nzima.

Na kama gari limetoka Kisumu, angalia mchanganyiko wa petroli na hewa kwanza. Kule ni takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hapa ni zaidi ya 1,800. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo kabureta iliyopangwa kule hutoa petroli kupita kiasi huku. Ukifungua plagi ya injini (inayotoa cheche) ukakuta masizi meusi makavu, fundi apunguze petroli kwenye mchanganyiko kabla hajagusa skrubu ya mzunguko.