Pampu mpya ya kisima, maji ya kudondoka: uzoefu wangu Kisauni

Pampu hii ina miezi minne kwangu sasa, na wiki tatu za mwanzo nilikuwa naitukana kila asubuhi. Lau ningeandika wakati ule ningeipa nyota moja, na ningekuwa nimeidhulumu.

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja, Kisauni, na kisima kiko uwani. Babu alikichimba kwenye jiwe la matumbawe. Maji yake yana chumvichumvi, ni ya kuogea, kufulia na chooni. Ya kunywa twanunua kwa mtungi. Pampu ya zamani iliungua mwezi wa Shaabani, Ramadhani iko mlangoni, kwa hivyo sikuzunguka sana madukani. Nikachukua pampu ya kuzama, ya Kichina, hospawa moja, mwili wa chuma kisichoshika kutu, shilingi 19,500. Bamba lake linasema inasukuma maji hadi kimo cha mita 55.

Fundi akaishusha siku hiyo hiyo, tukawasha. Maji yakaja, lakini kama mtoto anayekojoa. Tangi la lita 1,000 lililo juu ya paa, ambalo pampu kuukuu ilikuwa ikilijaza kwa nusu saa na ushei, sasa lilikula saa moja na nusu. Nikaweka mtungi wa lita 20 chini ya mfereji wa uwani nikitazama saa ya simu: dakika moja na sekunde 35.

Kila mtu alikuwa na lake. Fundi: "Pampu ndogo hii, bosi. Ongeza hela uchukue ya hospawa moja na nusu." Jirani: maji ya bahari yamekupwa, na kisima nacho kimeshuka. Dukani nilijibiwa kwamba pampu ikishalowa hairudi, na simu ikakatwa.

La jirani nililichukulia kwa uzito, maana visima vya karibu na pwani kwenye matumbawe kweli hupanda na kushuka na bahari. Nikafunga jiwe kwenye kamba nikapima: maji yako mita 13 chini. Baada ya nusu saa ya kuvuta yalishuka hata nusu mita haikufika. Kisima hakina makosa. Umeme nao tulipima pampu ikizunguka, volti 228 asubuhi. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukipiga pasi, zilishuka hadi 205 na pampu ikanung'unika, lakini udhaifu wa asubuhi haukutoka huko.

Kilichonifungua macho ni geji ya presha ya shilingi 650. Fundi aliifunga kwenye paipu pale inapotokeza kisimani, kabla ya koki ya kwendea tangini. Unawasha pampu, unafunga koki kwa sekunde chache tu (usiiache ikizunguka imezibwa, itachemka), unasoma. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo ni kama baa moja, yaani kipimo cha presha kinachosomwa kwenye geji. Pampu ya mita 55, toa mita 13 za kupandisha maji hadi juu, zabaki 42, yaani geji ipande hadi baa nne hivi. Ingesoma nne, tungejua pampu ni nzima na kizuizi kiko mbele: koki haijafunguka vizuri, au paipu ya tangini imejaa uchafu. Ilisoma 1.3. Basi maji yanapotea chini kabla ya kufika juu, au pampu yenyewe haina nguvu. Fundi akanitazama kwa jicho la si nilikwambia, na kusema kweli nilianza kuhesabu pesa za pampu nyingine.

Bibi alikuwa amekaa karibu na kisima akichambua mchicha. Akasema, "Mbona kisimani kwanyesha?" Nikainama. Kweli, pampu ikizunguka kulikuwa na sauti ya mvua mle ndani. Mimi na fundi tulikuwa tukipiga kelele za baa na volti, hatukuisikia. "Kachukueni kioo mmulike jua," akasema. Kioo cha kunyolea kikarusha mwanga ndani ya shimo, na kama mita sita chini tukaona maji yakipasuka kwenye kiungo cha paipu, yametandaa kama upepeo, yakipiga ukuta wa jiwe na kurudi kisimani. Pampu ilikuwa ikivuta maji na kuyamwaga mle mle.

Tukazima umeme kwenye swichi kuu, tukaivuta kwa kamba yake (kwa kamba, si kwa waya wa umeme). Klipu mbili za kiungo kile zilikuwa za zamani, za chuma cha kawaida. Nilipoigusa skrubu ya mojawapo ilimeguka vidoleni kama biskuti. Chumvi imeila. Fundi alizirudisha pampu mpya ilipofungwa, na mimi niliyekuwa nimesimama pale nilikubali ili niokoe shilingi 300. Siwezi kumlaumu peke yake.

Tulitia paipu nyeusi mpya, kipande kimoja kutoka pampuni hadi juu, bila kiungo, na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu pale inapovaa pampu. Mtungi ukajaa kwa sekunde 32, tangi halikufika nusu saa.

Kwa hivyo pampu naipa nyota nne. Haipigi kelele, na chumvi haijaigusa. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya waya: pampu inayojigamba mita 55 imekuja na waya wa mita 10. Ilibidi tuuunge na kiungo kikazama majini, kimefunikwa mpira wa kuzuia maji, na ndicho kitu pekee mle kisimani ambacho sijakiamini bado.

Geji nimeiacha pale pale. Bibi akipita asubuhi huuliza, "Leo yasomaje?" Leo ilikuwa 3.9.