Tasi kwa tangi la matumbawe: yupi wa kununua, yupi wa kumwacha

Watu wengi humtafuta tasi, samaki mla mwani wa jenasi ya Siganus, siku mwani unapowashinda. Mawe yameota nywele za kijani, vipovu vya mwani wa Valonia vimejaa pembeni, na matumbawe yaliyonunuliwa kwa pesa nyingi yanaanza kufunikwa. Kwa hali hiyo tasi ni chaguo zuri sana, na kwa tangi la ukubwa wa kati namtanguliza mbele ya kangaja, samaki mwingine mla mwani. Hana ugomvi mwingi na wenzake, si mwepesi wa kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe kama kangaja, na mara nyingi hula mwani wa Bryopsis na Valonia ambao samaki wengi huupita.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaijua vizuri hamu yake ya kula, kwa sababu tasi ni miongoni mwa samaki wanaowatafunia mazao kambani. Hamu hiyohiyo ndiyo hatari ndani ya tangi. Tasi akikosa mwani hugeukia matumbawe: kwanza zoanthi (jamaa wa matumbawe wanaoota kama vifungo vidogo), kisha yale yenye nyama nene kama Trachyphyllia. Kwa hiyo nimewapanga tasi wa aina mbalimbali kwa kigezo kimoja, yaani ni yupi unayeweza kumshibisha ndani ya tangi la nyumbani mpaka atakapokuwa mtu mzima. Rangi nimeiweka nyuma.

1. Siganus vulpinus, pamoja na Siganus unimaculatus

Huyu ndiye ningemshauri karibu kila mtu. Mwili ni wa manjano, uso ni mweupe wenye michirizi myeusi na mdomo umechongoka kama wa mbweha. Anatoka Pasifiki ya magharibi, hasa Ufilipino, Indonesia na Australia, na hukua kufikia sentimita 24 hivi. Tangi lenye urefu wa sentimita 120 na ujazo wa lita 400 linamtosha, ingawa ukiweza kufika sentimita 150 utamwona akiogelea kwa raha zaidi.

Unimaculatus ni yuleyule kwa sura, ila ana doa jeusi ubavuni karibu na mgongo. Wauzaji wengine humtoza bei ya juu kwa sababu ya doa hilo. Usikubali. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 haukuweza kuwatenganisha kuwa spishi mbili, na ndani ya tangi tabia zao ni zilezile. Chukua aliyenona kati ya wawili hao.

Akila mwani kutwa, huyu huishi na Acropora (matumbawe magumu yenye matawi) na matumbawe laini bila shida. Kwenye zoanthi na yale ya nyama nene, mwangalie kwa makini wiki za mwanzo.

2. Siganus magnificus

Nusu ya juu ya mwili ni nyeusi kahawia, ya chini nyeupe, na mapezi yana wekundu na unjano. Hutoka Bahari ya Andamani na sehemu za Indonesia. Kwa ukubwa na chakula hayuko mbali na wa kwanza, hivyo tangi ni lilelile. Kinachomshusha ni bei, ambayo mara nyingi huwa mara mbili ya vulpinus au zaidi, pamoja na woga wake. Akifika nyumbani anaweza kujificha siku kadhaa bila kugusa chakula. Mpe mapango, punguza taa, na usimweke pamoja na kangaja mkali aliyekwisha kujimilikisha tangi zima. Kama mfuko unaruhusu na tangi limetulia, hutajuta.

3. Siganus uspi

Mbele kahawia iliyokolea, nyuma manjano, kama samaki wawili walioungwa. Ni wa Fiji, na jina lake la kisayansi, lililotolewa mwaka 1974, limetokana na herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini (USP). Ni samaki mpole na mlaji mzuri wa mwani. Nimemweka wa tatu kwa sababu hapatikani kirahisi na safari yake ni ndefu, hivyo wengi hufika wamekonda. Ukimkuta dukani akiwa mnene na anakula, basi mpandishe nafasi ya pili.

4. Siganus doliatus na Siganus virgatus

Hawa ni mashine za kula mwani, wana mistari miwili ya giza usoni na mgongoni, na aghalabu bei yao ni rahisi kuliko ya uspi. Lakini wana mwili mpana, huogelea sana, na matumbo yao hayajui kutosheka. Chini ya lita 600 usiwachukue. Kwenye tangi kubwa lenye Acropora nyingi na zoanthi chache, wanafaa.

5. Siganus corallinus na Siganus puellus

Madukani huonekana wakiwa wadogo, wenye vidoa au mistari ya buluu juu ya manjano, na hapo ndipo watu hunaswa. Corallinus huzidi sentimita 25, na puellus hufikia sentimita 38. Tena puellus akikua hula sifongo na viumbe wengine wa kwenye miamba, si mwani peke yake. Kwenye tangi la matumbawe la nyumbani simshauri mtu.

Wa pwani yetu

Siganus sutor, tasi yule wa kwenye dema ambaye wa Mombasa humwita tafi, hufikia sentimita 45 na huishi kwa makundi kwenye nyasi za bahari. Wadogo huvutia, na aliye karibu na bahari hushawishika kumchukua. Mwache. Atalizidi tangi upesi, kundi lake huwezi kuliweka nyumbani, na rangi yake ya kijivu cha zeituni haitakufurahisha kiasi cha kufidia gharama. Siganus stellatus mwenye madoadoa, ambaye pia yupo kwenye miamba ya Afrika Mashariki, ni mzuri kuliko yeye lakini hufika sentimita 40. Zaidi ya hayo, kutoa samaki hai baharini kunahitaji kibali, na ndani ya hifadhi kama Watamu au Kisite ni marufuku kabisa.

Kumkagua dukani

Hapa ndipo pesa hupotea au huokoka, kwa hiyo usiwe na haraka. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Tasi mwenye afya hukimbilia kipande cha nori (karatasi za mwani uliokaushwa) au uduvi uliogandishwa. Akikipita, rudi siku nyingine. Mtazame kutoka mbele na kutoka juu: tumbo lililobonyea linaweza kurudi kwa chakula, lakini nyama ikiisha nyuma ya kichwa, mgongo ukawa kama ukingo wa kisu, mwache hata kwa nusu bei. Angalia mdomo usiwe na jeraha la kujigonga kwenye mfuko.

Mabaka ya kahawia mwili mzima yasikutishe peke yake. Tasi hubadilika hivyo usiku na anapoogopa, na rangi hurudi akitulia. Akibaki na mabaka huku anapumua kwa kasi, hapo kuna tatizo.

Ukubwa mzuri wa kununua ni sentimita 8 hadi 12. Chini ya hapo huwa hana akiba ya kuvumilia safari. Uliza pia alikovuliwa na kwa njia gani, kwani katika Ufilipino na Indonesia bado kuna wanaovua kwa sumu ya sayanaidi ingawa imekatazwa, na samaki wa namna hiyo anaweza kula vizuri kisha akafa wiki chache baadaye. Muuzaji anayejua chanzo cha samaki wake anastahili bei ya juu kidogo.

Wawili je? Kwenye miamba spishi kadhaa huishi jozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, walieleza mwaka 2015 jinsi mmoja anavyolinda huku mwenzake akiingiza kichwa kwenye nyufa kula, kisha wanapokezana. Ni jambo la kupendeza mno, lakini jozi haitengenezwi dukani. Nunua wawili pale tu unapowakuta tayari wanaandamana. Vinginevyo watapigana, na chakula kitahitajika maradufu.

Vingine vya kununua siku hiyo

Nori isiyotiwa chumvi wala mafuta, kibanio cha kuishikizia kiooni, na mfuniko wa wavu. Bandika nori asubuhi na jioni hata kama mwani bado upo, kwa sababu ukisubiri mawe yang'ae ndipo uanze, atakuwa ameshaonja tumbawe. Andaa pia tangi la karantini la wiki nne.

Usimvue kwa wavu. Miiba 13 ya mgongoni, 7 ya chini na ile ya mapezi ya tumboni yote ina sumu, na hunasa kwenye nyuzi. Tumia chombo cha plastiki umwongoze aingie mwenyewe. Akikuchoma, maumivu ni makali. Osha jeraha, kisha zamisha mkono kwenye maji ya moto ya nyuzi 43 hadi 45 kwa nusu saa au zaidi, kwani joto huvunja sumu hiyo. Pima maji kwa mkono usioumia, maana uliochomwa unaweza kuungua bila wewe kuhisi. Ukiona pumzi inabana au uso unavimba, nenda hospitali papo hapo.